Joto ndani ya kibanda cha barafuni, na hewa isiyonuka

Wiki mbili zilizopita niliweka kwenye kikundi cha familia picha yangu nikiwa nimeketi ndani ya kibanda katikati ya ziwa lililoganda, mshipi mkononi, koti nimelivua. Jibu la kwanza kutoka Mombasa lilikuwa la shangazi: "Wewe, hiyo barafu haipasuki?" La pili lilikuwa la mpwa wangu anayesoma chuo huko bara, upande wa Limuru: "Mjomba, mbona huna koti? Mwawasha seredani humo ndani?"

Swali la shangazi nililimaliza kwa maneno machache. Barafu mpya, ngumu na angavu, ikifika unene wa inchi 4 humbeba mtu anayetembea. Gari dogo lataka kiasi cha inchi 9 au 10. Hivyo ndivyo Idara ya Maliasili ya jimbo hili inavyoshauri, na kila mvuvi hupima mwenyewe kwa keekee kabla ya kusogea, kwa kuwa ziwa moja laweza kuwa nene hapa na jembamba hatua hamsini mbele. Mtu akizama, wenzake wataona na watasikia kelele.

Swali la mpwa wangu lahitaji makala nzima. Hatari anayoiuliza haina kelele, na yeye mwenyewe, aliyeko Limuru, iko karibu naye kuliko anavyodhani.

Niko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwaka wa tisa sasa. Wakenya huku ni wengi, na watu wa Pwani tumo: wauguzi, madereva wa malori, wanafunzi. Jimbo hili hujisifu kwa maziwa 10,000, na kwa kweli yapita hapo. Yale ya ekari 10 na zaidi yamehesabiwa kuwa 11,842. Kufikia Januari mengi yameganda. Usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa vipimo vya Selsiasi ni jambo la kawaida, na upepo ukivuma juu ya ziwa tupu hali huwa mbaya zaidi. Kwa mvuvi wa kwetu ajabu ya kwanza ni kwamba huku samaki hufuatwa kwa miguu. Unatoboa tundu kwa keekee kubwa, unateremsha mshipi na chambo, unangoja walleye au perch. Unangoja sana. Ndiyo maana vibanda vikabuniwa.

Vibanda hivyo ni vya aina mbili kubwa. Kuna hema la turubai nzito lenye bitana, linalokunjwa na kuburutwa juu ya theluji, na kuna nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ikifika inashushwa mpaka sakafu inagusa barafu. Nyumba hizi nyingine zina vitanda, jiko la kupikia, hata televisheni. Kwenye maziwa makubwa kama Mille Lacs zikikusanyika huwa kama kijiji, chenye njia zake na taa zake, mpaka sheria inapowataka wenyewe waziondoe mwezi wa Machi.

Sasa moto. Hema la turubai hupashwa joto kwa hita ndogo ya gesi ya mtungi, gesi ya propeni. Hita hii haina bomba la kutolea hewa nje. Moto wake unavuta pumzi ile ile unayovuta wewe, na kila unachotoa unabaki nawe humo ndani. Moto ukipata oksijeni ya kutosha huwaka kwa rangi ya buluu na kutoa vitu viwili: mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, ile hewa ambayo sisi pia twaitoa tukipumua. Oksijeni ikipungua, au mdomo wa hita ukiwa na uchafu, au hita ikigongwa ikainama, moto haumalizi kazi yake. Hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi.

Hewa hii haina rangi, haina harufu wala ladha. Haiwashi macho, haikohozeshi. Ukiivuta inaingia mapafuni kama hewa nyingine yoyote, inapita kwenye damu, na huko inafanya ubaya wake. Ndani ya damu mna hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Fikiria mashua iliyokuja kuchukua abiria bandarini ikakuta viti vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka. Mashua inakwenda na kurudi, imejaa, na abiria wa haki wamebaki gatini. Mapafu yanafanya kazi, moyo unapiga, lakini ubongo unakosa oksijeni.

Dalili zake ndizo zinazowapoteza watu: kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu, kichefuchefu, kifua kubana, mawazo kuchanganyika. Zote hizi mvuvi wa barafuni ana sababu nyingine ya kuzieleza. Kichwa kinauma kwa sababu ya jua la jana juu ya theluji. Uchovu ni wa kutoboa matundu kumi. Usingizi je? Kuna joto, nje kuna baridi, nani asiyesinzia? Anayelala hapo, au aliyekunywa pombe, anaweza kufa bila kuhisi dalili hata moja. Marekani nzima watu zaidi ya 400 hufa kila mwaka kwa sumu hii bila kuhesabu waliokufa kwenye nyumba zilizoungua, na wengi zaidi huishia hospitalini.

Mzee mmoja jirani yangu, ndiye aliyenifundisha uvuvi huu, ana kipimo chake. Mafua, husema, hayawashiki watu watatu kwa saa moja, na hayaishi ukitoka nje. Ikiwa wote mliomo mnaumwa kichwa pamoja, hamna homa, na mmoja akitoka kwenda haja anarudi akisema ameona nafuu, hiyo si homa ya mafua. Ukiwa na mbwa ndani naye kalegea, usingoje ushahidi mwingine.

Watengenezaji wa hita hizi wanajua haya, na hita nyingi za leo zina kifaa kinachozima moto oksijeni ikishuka. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21; ikifika karibu na 18 mwali mdogo wa kuwashia huinuka na kuachana na chuma unachokipasha joto, na gesi inakatika. Ni kifaa kizuri na nisingenunua hita isiyokuwa nacho. Lakini nawasikia vijana wetu wakisema, "Yangu ina kizimio, sina wasiwasi," na hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi nao. Kifaa kile kinapima upungufu wa oksijeni. Hakipimi kaboni monoksaidi. Hita chafu yaweza kutoa sumu tele katika kibanda ambacho oksijeni bado ingali juu, na kizimio kikabaki kimya.

Kwa hiyo hema linahitaji matundu ya hewa, na si moja. Moja liwe chini karibu na sakafu, jingine juu karibu na paa. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na inapotoka inavuta hewa safi kutokea chini. Tundu moja peke yake halifanyi mzunguko huo vizuri. Watu wengine wameshika kwamba kaboni monoksaidi ni nzito na hutambaa sakafuni, kwa hiyo anayelala kitanda cha juu yuko salama. Si kweli. Ni nyepesi kidogo kuliko hewa, na inachanganyika na hewa yote ya chumba. Iliyo nzito ni propeni yenyewe ikivuja, hiyo ndiyo hutulia chini, na tishio lake ni mlipuko. Ndiyo maana maungio ya mtungi hupimwa kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha: povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja.

Tatizo la barafuni ni kwamba matundu hayabaki wazi kwa sababu tu uliyaacha wazi. Mvuke unaotoka kwenye moto na kwenye pumzi zenu unaganda ukutani na kwenye matundu yenyewe, asubuhi unakuta yamezibwa na barafu. Upepo unabadilika na kurundika theluji upande uliokuwa mtupu. Na wavuvi wenyewe hurundika theluji kwenye miguu ya hema ili kuzuia baridi, jambo la busara kabisa, mpaka theluji inapofika kwenye tundu la chini.

Februari iliyopita tulikuwa wawili ziwani, saa nne za usiku, samaki wanauma vizuri. Hita ilikuwa inawaka tangu magharibi. Upepo uliokuwa ukitoka kaskazini ulikuwa umegeuka. King'ora kikalia. Mwenzangu akasema papo hapo, "Betri hiyo, baridi imeiua," akanyosha mkono akizime. Nilifungua zipu ya mlango kwanza, tukatoka na viatu vya ndani. Kioo cha king'ora kilikuwa kinaandika 118. Tundu la chini lilikuwa limefunikwa na theluji yote, na sisi hatukuwa na hata dalili ya kichwa kuuma. Sijasahau ule mkono ulivyonyoshwa kukizima. Mtu akikosa kuhisi kitu, jambo la kwanza kulituhumu ni mashine.

Ile 118 maana yake ni sehemu 118 za kaboni monoksaidi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Yaonekana kidogo, lakini muda ndio unaohesabiwa. Ving'ora vinavyouzwa huku vimepangwa kufuata kiwango kimoja: kwenye sehemu 70 vinapaswa kulia baada ya saa moja hadi nne, kwenye 150 ndani ya dakika 10 hadi 50, na kwenye 400 ndani ya dakika 4 hadi 15. Yaani king'ora kinangoja kiasi cha sumu kinachoweza kujengeka kwenye damu ya mtu. Kikilia, sumu iko tayari ndani ya chumba kwa muda wa kutosha.

Kuhusu baridi, mwenzangu hakuwa amezungumza upuuzi mtupu. Ving'ora vingi vya nyumbani vimetengenezwa kwa chumba chenye joto la kawaida, na betri hudhoofika kwenye baridi kali. Kwa kibanda nunua kile kilichotengenezwa kwa nyumba za magurudumu, ambacho kimejaribiwa kwenye baridi ya huku, na betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili.

Nyumba ya magurudumu ina nafuu yake. Nyingi zina tanuru lililofungwa, linalovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba, hivyo moto hauchanganyiki na pumzi za watu. Hapo naona usalama ni mkubwa zaidi, ila bomba hilo nalo liko ubavuni mwa nyumba iliyoshushwa mpaka barafuni, na theluji inalifikia upesi. Lizunguke kila unapotoka. Jiko la kupikia la humo ndani halina bomba, si la kuachwa likiwaka ili lipashe joto. Jenereta ikae mbali, futi 20 au zaidi, upande ambao upepo unachukua moshi wake usije kwenu, na gari lisiachwe likinguruma kando ya mlango. Hita ya kubebeka nayo huzimwa kabla ya kulala. Mifuko ya kulalia ya huku ni mizito, inatosha.

Na mkaa? Nimeona mwaka huu vijana wetu wawili wakiingiza jiko la kuchomea nyama ndani ya hema, makaa yameshakolea, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Walidhani moshi ukiisha hatari imeisha, kama tulivyodhani wengi tulipokuwa kwetu. Kumbe makaa yaliyokolea ndiyo mafundi wa kutengeneza kaboni monoksaidi. Moshi ni chembe zinazoonekana, sumu hii haionekani. Hakuna tundu la hewa linaloweza kuhalalisha mkaa ndani ya hema.

Hapo narudi kwa mpwa wangu. Kwetu Pwani seredani haijawa na sifa mbaya, na sababu ni nyumba zetu na hali yetu ya hewa. Tunapikia uani au jikoni penye madirisha wazi, paa la makuti linapumua, na hakuna anayetaka joto zaidi ya lile alilopewa. Seredani hiyo hiyo ipeleke Limuru, Nyahururu au Kinangop mwezi wa Julai, iingize kwenye chumba kimoja cha mawe chenye dirisha la chuma lililobanwa, ziba chini ya mlango kwa kanga ili baridi isipite, kisha lala. Umejenga kibanda cha barafuni bila barafu. Kila msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, magazeti ya Kenya hayakosi habari ya familia au wanafunzi waliokutwa hawaamki, jiko likiwa kando ya kitanda. Mtoto wa Mombasa anayekwenda kusoma huko hajawahi kufundishwa jambo hili nyumbani kwa sababu nyumbani halikuwahi kuhitajika.

Ziko dawa za mitaani ambazo nimezisikia huku na huko. Kuweka karai la maji kando ya jiko: maji hayaifyonzi kaboni monoksaidi kwa kiasi cha maana, utaamka na maji yako na sumu yako, ukiamka. Kumnywesha maziwa aliyezidiwa: sumu imo kwenye damu, haimo tumboni, na mtu aliyepoteza fahamu akinyweshwa chochote anaweza kukabwa.

La kufanya ni kutoka. Wewe kwanza, ukifungua mlango na madirisha unapopita, kisha wengine. Ukimkuta mtu ameanguka ndani usiingie kumkagua, fungua, mvute nje kwenye hewa, ita msaada. Hospitalini tiba ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyo kwenye damu huchukua saa 4 hadi 5 kuondoka. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hushuka kufikia kama saa moja au moja na nusu. Waambie wahudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko au hita ndani, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, tulichokizoea tangu wakati wa Korona, hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kitaandika 98 kwa mtu anayekufa. Kinachohitajika ni kupima damu yenyewe. Mama mjamzito apelekwe hata akisema yuko sawa, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia zaidi kuliko mama. Na aliyepona aangaliwe kwa wiki kadhaa, maana kusahausahau na kubadilika tabia huweza kuja baadaye, wakati kila mtu ameshasema alhamdulillahi.

Wavuvi wetu wa boti zenye vyumba vya ndani wasidhani hii ni habari ya barafu tu. Minnesota iliweka sheria, ilianza 2018, inayotaka boti zenye vyumba vilivyofungwa ziwe na ving'ora vya kaboni monoksaidi, na hizo ni boti za kiangazi, maji yakiwa maji. Moshi wa injini huweza kurudi ndani kutokea tezi boti ikienda polepole.

Mpwa wangu nimeshamtumia king'ora kwa mkono wa mtu anayekuja Nairobi. Nimemwandikia kwenye karatasi sauti zake mbili, kwa sababu watu huzichanganya. Mlio mmoja mfupi kila baada ya muda kidogo ni betri imechoka, badilisha. Milio minne ya haraka, kimya kidogo, kisha minne tena, ni sumu. Nyuma yake pameandikwa tarehe ya mwisho wa kazi, vingi hudumu miaka 5 hadi 10, baada ya hapo kitawaka taa na hakitanusa kitu. Jiko lake la makaa nimemwambia ampe mama muuza mahindi aliye nje ya lango la chuo, ambaye analitumia barazani, na nimemtumia hela ya blanketi la pili.